Kikombe cha Kuchotea Sabuni

Jumatatu, 4 Machi

Mtoto wangu wa kwanza, Mkubwa, amepewa daftari jipya shuleni. Hili la zamani limebaki na kurasa tele, nami sipendi kitu kizima kitupwe. Mume wangu ameniuliza naandika nini. Nimemwambia naandika malalamiko, maana wewe umeshachoka kuyasikia. Akacheka huku ameshika kiuno. Mgongo ukimpa nafasi bado anajua kucheka.

Basi nianze na kazi. Mimi ni mpiga pasi kwenye karakana kubwa ya udobi inayofulia hoteli na zahanati. Mwenye karakana ni mwanamke wa makamo. Akiwa hayupo tunamwita Bimkubwa, akiwepo tunamwita Mama, kwa sababu ametuambia sisi pale ni familia. Mama yangu mzazi yuko kaburini, sijui analionaje jambo hilo.

Kila asubuhi, kabla pasi hazijawashwa, tunasimama duara katikati ya chumba. Kila mmoja ni lazima aseme kosa moja la mwenzake mbele ya wote. Bimkubwa anaita kusafishana. Ukisema huna la kusema unaulizwa unamficha nani, na siku hiyo duara zima linakugeukia wewe. Baada ya hapo kila mtu anachukua kikombe chake rafuni, tunakunywa chai, tunaanza kazi. Unainywa chai hiyo huku umekaa na mtu aliyetoka kukuanika sasa hivi.

Kinachoniokoa ni Jirani. Meza yake ya pasi imepakana na yangu, ndiyo maana tunaitana hivyo, yeye Jirani na mimi Jirani. Mashuka makubwa ya hoteli hayakunjwi na mtu mmoja. Yeye anashika ncha mbili, mimi mbili, tunavutana, tunakaribiana, mikono inakutana katikati. Hapo mikono inapokutana ndipo tunapopanga.

"Kesho nikusemeje?" Jirani ananong'ona.

"Sema naimba puani nikipiga pasi. Na mimi nikuseme nini?"

"Sema nasahau vibanio nje."

Asubuhi tunasimama duarani na nyuso za msiba, tunasemana. Leo amesema nakunywa chai kwa kelele. Bimkubwa akatikisa kichwa kwa huzuni, akaniambia nijirekebishe. Nilibana kicheko mpaka mbavu zikaniuma.

Jumatano, 6 Machi

Mvua imeanza. Mashine ya kukaushia imekufa siku hiyo hiyo, kana kwamba zilipatana. Fundi wa mashine ameomba mkanda mpya. Bimkubwa amemwambia ajiongeze.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua. Nimesemwa kwamba naimba puani.

Jumatatu, 11 Machi

Fundi ameacha kazi.

Asubuhi Bimkubwa alisema leo hatutasema kila mtu na wake, leo wote tutamsaidia ndugu mmoja. Akamweka Fundi katikati. Mashine haikaushi, mvua inanyesha, wateja wanalalamika, na yote hayo, akasema, yametokana na moyo wa Fundi ambao haupo kazini. Tukaanza kumsema mmoja mmoja. Mzee wa Kamba, anayeanika nguo nje, alisema Fundi ana majibu ya mkato. Kimya, yule mama wa kwenye mapipa ambaye hata salamu yake huisikii, alisema kitu lakini hakuna aliyekisikia, akaambiwa arudie, akarudia, bado hatukusikia. Jirani alisema Fundi huacha spana sakafuni. Ikafika kwangu. Nilisema anachelewa kurudi kutoka mapumzikoni. Si kweli sana. Anachelewa kama sisi wote tunavyochelewa.

Fundi alisikiliza mpaka mwisho. Akavua ovaroli palepale, akabaki na fulana iliyotoboka begani, akalikunja vizuri na kuliweka juu ya mashine iliyokufa. "Mkanda," akasema. "Niliomba mkanda." Akatoka kwenye mvua.

Bimkubwa hakupandisha sauti. Hapandishi sauti kamwe, na hilo ndilo linalonitisha. Alisema aliyetoka amekufa kwetu, jina lake lisitajwe humu ndani. Akachukua kikombe cha Fundi rafuni, kile cha bati chenye mstari wa kijani, akakitumbukiza kwenye pipa la sabuni ya unga. Ndivyo anavyofanya kila mtu akiondoka. Mle kwenye pipa vimeshakuwa vingi. Unapochota sabuni unachota kwa kikombe cha mtu uliyekunywa naye chai.

Ijumaa, 15 Machi

Mashuka yanarudi kutoka kambani mazito. Tunayakausha kwa pasi. Unapiga, mvuke unakurudia usoni, unageuza, unapiga tena, na bado ukiweka shavu unasikia unyevu. Nimeungua kiganja. Bimkubwa alipita akasema, "Wanangu, hoteli haiwezi kusubiri jua. Kunjeni hivyo hivyo, yatajikaukia kabatini." Jirani akamwambia, "Mama, yataota ukungu." Bimkubwa akamtazama, akatabasamu, akasema anapenda watu wanaojali. Akaondoka. Tukakunja hivyo hivyo.

Jumapili, 17 Machi

Nimefua za nyumbani. Nazo hazikauki.

Mume wangu amesema nivumilie mpaka mgongo wake utengemae. Alianguka kutoka jukwaa la ujenzi mwaka jana. Tangu hapo chumba, chakula na shule ya watoto ni juu yangu. Najua hanisukumi. Anavyolisema neno hilo, vumilia, analisema kwa aibu huku anatazama miguu yake. Nilimwambia sijaenda popote. Nitajikaza kisabuni, nikasema. Akacheka, maana ni mzaha wetu tangu nianze kazi ya udobi.

Jumatano, 20 Machi

Mvua. Chai. Kusemana. Pasi.

Ijumaa, 22 Machi

Kimya ametoka. Mwanawe ana homa siku ya tatu. Jana aliomba ruhusa, na leo duarani Mzee wa Kamba akasema kuna watu hapa wanaugua kupitia watoto wao. Sikuamini. Mzee wa Kamba huyu huyu alikuwa anamwekea Kimya ndizi dirishani. Tulikunywa chai, Kimya akasuuza kikombe chake, akakirudisha rafuni, akasema anakwenda chooni. Hakurudi. Saa za mchana ndipo tulipogundua viatu vyake vya kazi vimepangwa mlangoni, vimeoshwa.

Jirani alisema, "Huyu hajaondoka leo. Huyu aliondoka zamani, leo miguu ndiyo imemfuata."

Nimelifikiria neno hilo njia nzima. Nimejiuliza kama mimi bado nipo pale.

Jumamosi, 23 Machi

Mzee wa Kamba alikuwa anaanika peke yake huku machozi yanamtoka, au ni mvua. Sikumsogelea. Zamani ningemsogelea.

Jumanne, 26 Machi

Leo nimejiogopa.

Tulikuwa tunakula. Mdogo alikuwa amemwaga maji, nikamuuliza Mkubwa, nani kamwaga? Akaniambia. Nikamwambia, vizuri, na lingine? Mwenzako kafanya nini tena leo? Mtoto wangu akaweka mikono yake nyuma ya mgongo, akasimama wima, akaanza kumtaja mdogo wake. Hakuwa na hasira. Alikuwa anasema kwa ile sauti ya upole ya Bimkubwa. Alipomaliza akaniuliza, "Mama, na kesho ni zamu ya nani kusemwa?"

Mume wangu aliacha kutafuna. Akaniuliza hili limeanza lini. Nikamwambia ni mchezo tu. Akasema, "Mbona wanalijua vizuri hivi?"

Nimejaribu kukumbuka nilianza lini na sikumbuki.

Jumatano, 27 Machi

Nimemwambia Jirani habari za jana. Tukakunja mashuka mawili bila kupanga chochote. Kisha akasema, "Tutoke, Jirani. Mimi na wewe, siku moja, mkono kwa mkono." Nikamwambia na watoto nitawalisha nini, mvuke? Akasema tungefua majumbani, mikono tunayo. Nikamwambia subiri mvua ikatike. Akasema haya, mvua ikikatika.

Nimelala vizuri. Sijalala vizuri hivi tangu Fundi aondoke.

Jumatatu, 1 Aprili

Mvua.

Jumanne, 2 Aprili

Tumeishiwa makosa. Jirani alisema, "Vibanio umesema, kucheka ovyo umesema. Nitafute dhambi mpya sasa?" Tulikuwa tumekaribiana, mikono imekutana, shuka limeloa katikati yetu. Akalibinya likatoa maji. "Sema hili," akanong'ona. "Sema nakunja kabla hayajakauka." Nikamwambia wewe mwehu, sote tunakunja kabla hayajakauka, na aliyetuamuru ni yeye. "Ndiyo uzuri wake," akasema. "Nataka nimwone uso." Tukacheka mpaka Mzee wa Kamba akageuka kututazama kutoka nje.

Jumatano, 3 Aprili

Nitaandika yote.

Duara lilianza kama kawaida. Jirani alinisema kwamba najaza maji mengi kwenye pasi. Zamu yangu ilipofika nikasema, kama tulivyopatana, "Jirani anakunja mashuka kabla hayajakauka." Nilimwona akiuma midomo asicheke. Bimkubwa uso haukubadilika. Akasema asante mwanangu, akaendelea na mwingine.

Hata chai hatujamimina, gari la hoteli likaingia uani. Dereva na msimamizi wa vyumba wakashusha marobota, wakayafungua pale pale sakafuni. Mashuka yale ya wiki karibu tatu zilizopita. Yalikuwa na madoa meusi ya ukungu, na harufu iliyopanda mpaka machoni. Msimamizi alisema mgeni mmoja amejikuna usiku kucha, na mwenye hoteli anataka kujua ni nani, sio nini. Anataka mtu.

Bimkubwa hakumjibu yeye. Alitugeukia sisi, akasema turudi duarani. Tukarudi. Msimamizi na dereva wakasimama mlangoni wanatazama.

"Kuna mtu alisema jambo asubuhi hii," Bimkubwa akasema. "Kabla gari halijafika. Hakuna aliyemlazimisha. Mwanangu, rudia."

Nilikuwa na nafasi. Naandika hili nisije nikajidanganya baadaye. Nilikuwa na nafasi ya kusema, Mama, wewe ndiye uliyetuambia tukunje. Kila mtu mle alisikia siku ile. Nilikuwa na nafasi ya kusema tumepanga, ni mzaha wetu, kila siku tunapanga. Lakini kusema hivyo ni kusema tumekuwa tunamchezea duara lake muda wote, sote wawili. Nikawaza wanangu. Nikawaza mgongo wa mume wangu. Si kwamba niliwaza sana, iliniruka tu kichwani, chumba, shule, unga, ikapita.

Jirani alikuwa ananitazama. Hakuwa na hofu usoni. Alikuwa anasubiri, kama mtu anayejua mwenzake yuko karibu kumaliza mzaha.

"Nimesema Jirani anakunja mashuka kabla hayajakauka," nikasema.

"Umemwona kwa macho yako?"

"Nimemwona."

Hilo neno hatukulipanga. Hilo ni langu.

Jirani alifungua mdomo. Alisema "Jirani," mara moja tu, kwa sauti ya chini, basi. Bimkubwa akamwambia msimamizi wa hoteli, mmemwona, aliyemsema ni mtu wake wa karibu kuliko wote, kwa hiyo sio majungu. Akamwambia Jirani aache aproni. Jirani aliifungua polepole, fundo lilikuwa limekazwa na maji, hakuna aliyemsaidia. Mkono wangu ulikuwa karibu na fundo lile. Ningelifungua kwa vidole viwili.

Alipotoka hakugeuka nyuma. Kikombe chake ni cha kauri, cheupe, kina ufa uliozibwa na gundi. Aliuziba mwenyewe. Kilizama kwenye sabuni bila sauti.

Alhamisi, 4 Aprili

Sina la kuandika.

Jumamosi, 6 Aprili

Bimkubwa amenipa ufunguo wa stoo. Ananiita mwanangu wa kweli. Amesema familia inahitaji watu wasioogopa kusema.

Jumatatu, 8 Aprili

Duarani hakuna aliyenisema. Walizunguka wote, wakasemana wao kwa wao, wakaniruka. Nilisubiri mtu aseme hata kwamba nakunywa chai kwa kelele. Hakuna.

Asubuhi nilikutana na Mzee wa Kamba mlangoni. Ana umri wa kunizaa. Alisogea kando nipite, akaniambia, "Shikamoo." Nilidhani ananikebehi, nikamtazama nicheke. Hakuwa anakebehi. Macho yake yalikuwa chini. Sikuitikia, nikaingia ndani, nikawasha pasi. Mpaka sasa neno hilo limenikwama mwilini na sijui pa kuliweka.

Jumatano, 10 Aprili

Mvua. Mashuka nakunja na yeyote aliye karibu. Mikono ikikutana wananiachia haraka.

Jumapili, 14 Aprili

Nimekwenda kwa Jirani. Anakaa nyuma ya kinu cha kusagia nafaka, chumba cha pembeni. Mwanawe mdogo alifungua mlango kidogo, akasema, "Mama amesema hayupo." Nilisikia sufuria ikiwekwa chini huko ndani. Nilisimama uani kwa muda na mwavuli wangu, kisha nikamwambia mtoto, haya, mwambie kuna mtu alikuja kumwona. Sikuthubutu kusema Jirani amekuja.

Mume wangu aliniuliza nimetoka wapi. Nikamwambia. Hajui kisa chote, anajua Jirani ameachishwa tu. Akasema, "Mungu amekunusuru wewe lakini." Nikaenda kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Jumanne, 16 Aprili

Kuna mgeni kwenye meza ya Jirani. Ni mwanamke mwenye sura ya upole, ameacha mtoto mchanga kwa bibi yake. Bimkubwa ameniagiza nimfundishe. Nikamfundisha moto wa pasi, wanga, jinsi ya kushika ncha. Kisha nikamfundisha duara. Nilijisikia nikisema, kwa sauti ile ile ya upole, "Ukikosa la kusema utaulizwa unamficha nani." Mwanamke aliniuliza, "Sasa dada, mimi simjui mtu hapa. Naanza na nani?" Nikamwambia anza na mimi. Akatikisa kichwa haraka. Amefika asubuhi hii, na tayari ameshaambiwa kuhusu mimi.

Alhamisi, 18 Aprili

Nimechota sabuni kwa kikombe cheupe chenye ufa. Sikukichagua, ndicho kilichokuja mkononi.

Jumamosi, 20 Aprili

Mkubwa na Mdogo walikuwa wanacheza nje. Nikawasikia. "Aliyetoka amekufa kwetu." Sijawahi kuwaambia maneno hayo. Labda naongea usingizini.

Jumatatu, 22 Aprili

Nimesema.

Sikulala, niliyapanga maneno yote. Duara liliposimama niliomba nianze mimi. Nikasema kosa ninalolitaja leo ni langu. Nikasema mimi na Jirani tulikuwa tunapanga makosa kila siku tunapokunja mashuka. Nikasema lile la kukunja mashuka mabichi lilikuwa mzaha wake mwenyewe, na sote tulikunja mabichi kwa sababu Mama alituamuru, na niliposema nimemwona nilisema kwa woga. Nilidhani ukweli huo ukitoka kuna kitu kitavunjika mle ndani. Nilikuwa tayari kwa hilo.

Bimkubwa alisikiliza, mikono ameifumbata. Nilipomaliza akasema, "Najua."

"Nimejua tangu kabla ya mvua. Mzee wa Kamba aliniambia mnavyonong'onezana kwenye mashuka. Sikukasirika. Watoto wanacheza." Akanisogelea, akaniwekea kiganja shavuni. "Hoteli ilitaka mtu, mwanangu, nawe ukanipa. Leo umejisafisha mwenyewe. Unaona ilivyo rahisi? Haya, tunywe chai, leo kuna kazi nyingi."

Wakaenda kunywa chai. Wote. Mzee wa Kamba alitazama kamba zake. Mwanamke mgeni akanipisha njia. Hakuna kilichovunjika. Niliusema ukweli wote, na yeye akauchukua kama anavyochukua kila kitu, akauweka mahali pake.

Nilipiga pasi mpaka adhuhuri. Watu wakisikia wataniambia nilikuwa shujaa, na sitaki. Ilikuwa hivi: nilikuwa na foronya mbele yangu, nikainua pasi, mkono ukakataa kuishusha. Nikajaribu tena. Ukakataa. Nikaizima. Nikachukua kikombe changu rafuni, nikaenda kwenye pipa, nikaingiza mkono mpaka begani, nikapapasa mle kwenye sabuni mpaka nikakipata cheupe chenye ufa.

Bimkubwa alikuwa mlangoni. "Na mume wako na mgongo wake?" akauliza kwa upole. Nikakipangusa kikombe sabuni. "Ukitoka umekufa kwetu."

"Basi nizikeni," nikamwambia. "Vikombe hivi havibaki."

Nilitoka. Sikujisikia nafuu yoyote. Nilidhani itakuja njiani, haikuja, na sasa niko nyumbani naisubiri na bado haijaja.

Jumanne, 23 Aprili

Nilimwambia mume wangu jana, kisa chote, na neno lile la nimemwona. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Tutakula nini?" Leo asubuhi nimeamka nikamkuta amejifunga khanga yangu kiunoni, ameikaza, anakwenda kutafuta kazi ya ulinzi. Anatembea kwa kupinda. Nimemwambia arudi akalale. Amesema, "Jikaze kisabuni." Hakuna aliyecheka.

Mvua imekatika tangu alfajiri.

Jumatano, 24 Aprili

Jua la kuumiza macho. Nguo zinakauka kabla hujamaliza kuanika.

Nimekwenda kwa Jirani. Nilimkuta uani, hangeweza kusema hayupo. Amezungukwa na mabeseni, anafua za watu. Kamba mbili zimejaa mashuka. Ile kazi tuliyosema tutaifanya wawili anaifanya peke yake.

"Karibu, dada," akasema.

Hajawahi kuniita dada. Akanipa kigoda, akafuta mikono, akakaa mbele yangu kama mtu anavyokaa na mgeni wa heshima. Akaniuliza watoto hawajambo, na shemeji yake mgongo unaendeleaje. Nikajibu yote. Kisha nikatoa kikombe kwenye mfuko. Nilikuwa nimekiosha, nikakisugua, nikakichemsha. Alikipokea kwa mikono miwili, akakinusa.

"Bado," akasema.

"Nitakiosha tena."

"Hakitoki hiki." Hakusema kwa ubaya. Akainuka, akaenda kwenye mfuko wake wa sabuni, akachota nacho, akamimina kwenye beseni. "Kinafaa hivi hivi."

Nikamwambia nimeacha kazi. Nikamwambia nimesema kweli duarani, mbele ya wote. Akaendelea kukoroga maji kwa mkono mpaka povu likapanda.

"Sasa nikuulize," akasema. "Uliposema umeniona. Kwa nini?"

"Niliogopa."

"Mimi pia niliogopa," akasema. "Lakini mimi nilikuwa nakutazama wewe."

Yeye akaenda kambani, akaanua shuka moja kubwa, la kitanda cha watu wawili, jeupe. Akabana upande mmoja kwa kidevu, akanyoosha mikono yake yote, ncha za chini zinaburuza karibu na tope. Shuka la namna ile halikunjwi na mtu mmoja. Niliinuka, nikamfuata, nikanyoosha mkono nichukue ncha zangu mbili.

Akageuka nalo upande wa pili.

"Acha, dada," akasema, kidevu kimebana shuka. "Nimeshazoea."